Kontroli tekniki: kinachopimwa ni gari, si fardi ya karatasi

Wiki iliyopita, kwenye parkingi ya Njanja hapa Lubumbashi, polisi wa rulaji (wa barabarani) aliisimamisha taksibasi tuliyokuwa tumepanda na kumwomba shofa kontroli tekniki. Shofa akashusha fardi ya plastiki, jalada la makaratasi, aliyoichomeka juu ya kioo. "Nilishaka kulipa byote, papa, angalia!" Akatoa karatasi ya asiransi. Polisi akatikisa kichwa. Akatoa vinyeti. Polisi akatikisa kichwa tena. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, amepakata beseni la matembele, akauliza kwa sauti iliyofika hadi mbele: "Sasa hiyo kontroli ni kitu gani, na huyu mtoto amelipa makaratasi yote haya?"

Hakuna aliyemjibu. Shofa mwenyewe alijua tu kwamba ni jina la karatasi anayoulizwa barabarani. Nami nilinyamaza, kwa sababu kuna mwaka niliipata karatasi hiyo bila gari langu kutoka nje ya parseli, na kilichofuata nitakieleza huko chini. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu yule mama kichwani mwangu. Sasa namjibu kwa maandishi.

Majina yanayochanganywa

Tuanze na fardi yenyewe. Gari hapa kwetu hutembea na karatasi kadhaa, na kwa kuwa zote hulipiwa na zote huombwa na polisi yuleyule, tumezoea kuziona kama kitu kimoja chenye majina mengi. Kumbe kila moja ina kazi yake.

Kartirozi inasema gari ni la nani na ni gari gani, pamoja na namba yake ya shasi. Gari lingekuwa mtoto, hicho kingekuwa cheti chake cha kuzaliwa, na plaki ndiyo jina analoitwa njiani. Vinyeti ni kodi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 204, inaiweka kodi ya magari mikononi mwa majimbo, ndiyo maana hapa Haut-Katanga ni suala la DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo. Ukiwa na vinyeti umemaliza deni la kumiliki gari, lakini hakuna aliyelitazama hilo gari. Linaweza kuwa limekaa juu ya matofali, halina hata pine moja, na vinyeti yake ikawa halali.

Asiransi ni ahadi ya kuwalipa wengine ukiwaumiza. Ni ya lazima tangu amri-sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na kwa miaka mingi iliuzwa na SONAS, shirika la bima la serikali, peke yake mpaka sheria ya bima ya 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Kazi yake inaanza ajali ikishatokea. Permi, kwa upande wake, ni ya kwako wewe dereva, hata siku ambayo huna gari.

Kontroli tekniki ndiyo karatasi ambayo haiwezi kuwa na maana kama gari lenyewe halikuwepo. Ni kipimo: mtu asiye na faida katika kulitengeneza wala kuliuza gari hilo analikagua kwa vipimo vilivyowekwa, ili ijulikane kama katika hali liliyo nayo leo linaweza kutembea bila kuhatarisha walio ndani na walio nje. Akina mama huelewa haraka nikiwaambia ni kama kumpeleka mtoto kwenye kilo. Kadi ya mtoto ina mistari yake, ina tarehe, ina muhuri, lakini hakuna muuguzi anayeweza kuchora mstari huo kwa haki mtoto akiwa amebaki nyumbani. Kadi inakumbuka tu kile mizani ilichosema.

Naomba neno "leo" lisipotee katika maelezo hayo. Tutalirudia.

Desturi hii si ya Lubumbashi peke yake

Wapo wanaoamini kwamba kontroli tekniki ilibuniwa hapa ili madereva wakamuliwe. Uchungu huo naufahamu. Anayesimamishwa mara nne kwa siku hana muda wa kutenganisha sheria na anayeitumia vibaya. Lakini kipimo chenyewe kina historia ndefu kuliko vizuizi vya mitaani kwetu. Kanuni ya Barabara tunayofuata ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu trafiki, ambao nchi yetu imeuingia, unataka sheria za nchi zipime mara kwa mara magari ya abiria yenye viti zaidi ya vinane bila kuhesabu cha dereva, pamoja na malori ambayo uzito wake unaoruhusiwa unazidi kilo 3,500. Magari mengine yanafuata kadiri nchi inavyoweza. Angalia nani ametangulia: basi na lori. Mtu akiendesha gari bovu peke yake anajihatarisha yeye na anayekutana naye. Shofa wa taksibasi anabeba watu kumi na wanane ambao hawakuulizwa kama freni zinashika.

Uingereza ilianza mwaka 1960, kwa magari yaliyokuwa yamefikisha miaka 10. Baadaye walishusha umri huo, na leo gari huanza kupimwa likifikisha miaka 3, kisha kila mwaka. Ufaransa husubiri miaka 4, halafu kila miaka 2, ila teksi hurudi kila mwaka kwa sababu inatembea zaidi na inabeba watu wa wengine. Japani wana kipimo chao kiitwacho shaken: miaka 3 kwa gari jipya, kisha kila miaka 2, na gharama yake si ndogo. Gharama hiyo ni moja ya sababu zinazowafanya Wajapani wauze magari ambayo bado yanatembea vizuri. Kwa hiyo ile Toyota iliyopita Dar es Salaam na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mpaka ikafika mlangoni kwako, huenda ilianza safari yake kwa sababu mwenyewe aliona shaken inakaribia.

Hapo ndipo linapoanguka wazo kwamba gari "limetoka Japani juzi tu" halihitaji kupimwa. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, hukagua bidhaa zinazoingia nchini, na gari ni bidhaa linapovuka mpaka. Hiyo ni kazi tofauti. Miezi sita ya mashimo yetu huyalegeza maungo ya gari kwa namna ambayo hakuna karatasi ya forodha inayoweza kuitabiri.

Mkaguzi anatafuta nini

Ukiondoa majina ya kitaalamu, anauliza maswali machache: Gari linasimama? Linafuata mkono wa dereva? Linaishika barabara? Linaona, na linaonekana? Mwili wake umeshikana, au kutu imekula mahali pa kubeba uzito? Moshi wake ukoje?

Nguvu ya injini haimo. Hili huwashangaza wengi. Gari linaweza kuchelewa kuwaka asubuhi, likapanda mlima kwa kulalamika, klachi yake ikawa imechoka, na bado likapita, kwa sababu hayo yanamsumbua mwenye gari. Mkaguzi anashughulika na yale yanayoweza kumuua jirani.

Freni kwanza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hukata karibu mita 17 kila sekunde moja, na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu freni zishike huongezeka mara nne. Kwenye kituo chenye vifaa, magurudumu ya ekseli moja huwekwa juu ya rola mbili zinazozunguka, mkaguzi anakanyaga pedali, na mashine inaonyesha nguvu ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo habari kubwa. Dereva mwenye miguu iliyozoea gari lake hawezi kuihisi tofauti hiyo mpaka siku atakapokanyaga kwa nguvu zote. Kuna pia mafuta ya freni, ambayo hunywa unyevu wa hewa taratibu. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanywa maji ya kutosha yanaweza kuanza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi, na mapovu yakiingia kwenye bomba, pedali inazama hadi chini bila gari kusimama.

Mapine yana mambo mawili. Kina cha mifereji yake: Ulaya kiwango cha chini kabisa ni milimita 1.6. Chukua kadi mbili za benki, zibane pamoja. Huo ndio unene wenyewe, karibu. Kama mifereji ya pine lako haiwezi kuzimeza kadi hizo mbili, mvua ikinyesha gari litatembea juu ya maji badala ya lami. La pili ni umri, nalo linatuuma sisi tunaonunua mapine ya okazyo, yaliyokwisha kutumika. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine linaweza kuwa na mifereji mirefu ya kuvutia na mpira ukawa umekauka na kupasuka kwa ndani. Inama, usome, kabla ya kutoa pesa.

Direksyo, yaani usukani na viungo vyake, nilifundishwa kuitazama na mzee mmoja fundi wa Katuba, na tangu hapo sijasahau. Aliinua gurudumu la mbele kwa kriki, akaweka kipande cha gogo chini ya shasi maana kriki (jeki) haiamini, kisha akashika pine kwa mikono miwili, mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa. Akalitikisa. Kimya. "Rotile ya chini iko hai," akasema, maana yake kiungo cha chini cha gurudumu ni kizima. Akahamisha mikono, mmoja kushoto, mmoja kulia, akatikisa tena. Safari hii kukasikika tok, tok, sauti ndogo kama ya mtu anayegonga mlango wa jirani usiku. Aliniweka kidole changu juu ya kichwa cha fimbo ya direksyo ili niisikie kwa ngozi. Mchezo wenyewe, yaani ulegevu wa kiungo, ulikuwa mdogo kuliko unene wa shilingi. "Hii ikitoka," akaniambia, "volani inabaki mikononi mwako na gari linakwenda linakotaka." Kituoni kazi hiyohiyo hufanywa na bamba za chuma zinazosukuma magurudumu huku na huko wakati mkaguzi yuko shimoni na taa, anatazama kila kiungo. Kazi ni ileile ya mikono ya mzee, ila mashine haichoki.

Volani ya kulia na macho ya anayekuja

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu. Magari mengi ya Lubumbashi yametengenezwa kwa barabara za Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Shida moja tunaijua sote: dereva aliyekaa kulia akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Likasi lazima atoe nusu ya gari ndipo aone kinachokuja. Shida mbili nyingine sisikii zikizungumzwa.

Ya kwanza ni fari, taa za mbele. Taa ya mwanga mfupi ya gari la Japani haimuliki sawa pande zote. Mwanga wake umepandishwa kidogo upande wa kushoto, ili uonyeshe ukingo wa barabara na watembeao kwa miguu, na umeshushwa kulia ili usimuumize macho anayekuja. Kule Japani ni sawa kabisa. Lilete gari hilo hapa, tunakoendesha kulia, na ule mwanga uliopandishwa unaelekea usoni mwa anayekuja, huku ukingo wetu, wenye watoto na baiskeli za makala (makaa), ukibaki gizani. Dereva wake hajui. Yeye anaona mbele vizuri tu. Anayekuja ndiye anayepofuka sekunde mbili tatu, na katika sekunde hizo ameshakata mita hamsini. Kwenye kituo kuna kifaa kama sanduku lenye lenzi kinachowekwa mbele ya taa kuonyesha mwanga unaangukia wapi. Kurekebisha skurubu pekee mara nyingi hakutoshi. Umbo lenyewe la taa ni la upande mwingine, na dawa yake ni kuweka taa za upande wetu.

Ya pili ni mlango wa taksibasi. Hiace ya Japani ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, ambako kwao ndiko ukingoni. Kwetu mlango huo unafungukia katikati ya barabara, na mtoto wa shule anashuka moja kwa moja mbele ya motari (dereva wa pikipiki). Garaji nyingine hukata bati na kuhamisha mlango, nyingine huhamisha volani nzima kwenda kushoto. Kazi hiyo ikifanywa na fundi mwenye kujua, inaokoa watu. Ikifanywa kwa haraka, pedali ya freni na mhimili wa volani vinaweza kuwa vimeunganishwa kwa kipande cha chuma kilichochomelewa chini ya mti. Gari lililohamishwa volani ndilo ningetaka lipimwe kuliko yote, tena mkaguzi aelezwe mapema kwamba lilihamishwa, ili ajue pa kutazama.

Na kwa kuwa tumezungumzia kuona: mipira ya visafisha kioo. Kwetu mvua hukata karibu Aprili na kurudi Oktoba au Novemba. Miezi yote hiyo mpira unakaa juani juu ya kioo chenye vumbi jekundu, unakauka kama ngozi ya ng'ombe. Mvua ya kwanza ikianguka, barabara imejaa mafuta na vumbi la miezi, inateleza kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na siku hiyohiyo dereva anagundua kwamba kisafisha kioo kinapaka matope badala ya kuyafuta. Mpira huo ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye gari.

Cheti nilichonunua

Sasa langu. Ulikuwa mwaka ambao nilikuwa na haraka na kila kitu. Mtu mmoja aliyekuwa akizungukazunguka nje ya ofisi fulani aliichukua kartirozi yangu, akaniambia niketi kwenye kivuli. Dakika ishirini baadaye alirudi na cheti kimejazwa: freni nzuri, direksyo nzuri, taa nzuri. Gari langu wakati huo lilikuwa nyumbani, nyuma ya geti lililofungwa. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi, nikaona nimeokoa siku nzima ya kazi.

Miezi miwili hivi ilipita. Jioni moja kwenye barabara ya Kasenga, upande wa Ruashi, gari la mbele yangu lilisimama ghafla. Nikakanyaga freni. Gari langu lilivutwa kulia kana kwamba mtu amelishika mkono, likaenda moja kwa moja kwa kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mifuko mitatu ya makala ukingoni. Kona ya bampa ikagonga gurudumu lake la nyuma. Mfuko mmoja ukapasuka, makala yakamwagika mpaka mferejini, naye akaangukia kiwiko. Aliinuka. Alianza kuokota makala yake, vipande vikubwa kwanza, na ni baada ya kuokota kwa muda ndipo alipoutazama mkono na kuiona damu.

Fundi alipofungua gurudumu la mbele la kushoto alikuta pistoni ya freni imekwama kwa kutu. Upande huo ulikuwa haushiki kabisa. Wa kulia ulikuwa unashika peke yake, ndiyo maana gari lilikwenda kulia. Rola za kituo zingelionyesha hilo kwa dakika moja. Nilimlipia yule kijana gurudumu, makala na matibabu. Lakini kwenye fardi yangu, siku ile ile, kulikuwa na karatasi yenye muhuri iliyosema freni nzuri, na niliilipia mwenyewe ili iseme hivyo.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema kwamba kontroli tekniki haina maana kwa sababu hata magari mabovu yana cheti, najibu kwamba magari hayo hayakuwahi kupimwa. Aliyepewa cheti bila kipimo hawezi kutumika kama ushahidi dhidi ya kipimo.

Mengine yanayosemwa

"Nimepita, basi nina mwaka mzima wa amani." Hapa ndipo neno "leo" linaporudi. Cheti ni picha iliyopigwa siku moja. Ukitoka kituoni ukaangukia shimo kubwa kabla ya kufika nyumbani, rotile iliyokuwa nzima inaweza isiwe nzima tena, na tarehe iliyo kwenye karatasi haiwezi kuizuia. Mwenye gari anabaki na wajibu wake siku zote zilizo katikati.

"Makanika wangu ameshaliangalia." Vizuri, na ninatumaini ni mtu mwaminifu. Lakini yeye anaishi kwa kutengeneza, naye ndiye aliyefanya kazi inayokaguliwa. Ufaransa sheria inamkataza mkaguzi wa kituo kufanya kazi ya kutengeneza magari, kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu akisahihisha mtihani alioufanya mwenyewe, hatutazamii sifuri.

"Wakikuta ubovu watalichukua gari." Hofu hii ndiyo inayowafukuza watu wengi vituoni, na inaeleweka. Utaratibu wa kipimo cha kweli ni kwamba unapewa orodha ya kasoro, unakwenda kutengeneza, unarudi na orodha ileile. Uingereza na Ufaransa, tangu tarehe 20 Mei 2018, kasoro zimegawanywa katika madaraja matatu: ndogo, ambayo unaambiwa uishughulikie na unapita; kubwa, ambayo lazima itengenezwe na gari lirudi; na ya hatari, ambayo gari halipaswi kuendelea kutembea nayo. Hata pale ambapo karatasi haina madaraja hayo, mgawanyo huo unasaidia kichwani: balbu ya plaki iliyozimika na bomba la freni linalovuja haviwezi kupewa uzito mmoja.

Na kuna jambo ambalo kipimo hakiwezi kulitatua, nalisema waziwazi kwa kuwa ninatetea kipimo. Gari hupimwa likiwa tupu. Likibeba watu wanne nyuma, wawili mbele na magunia juu, freni zilizopita kwenye rola zinabeba kazi nyingine kabisa. Mwendo wa kasi, ulevi na usingizi wa dereva wa lori havisomwi na mashine yoyote shimoni.

Pa kulipeleka

Usianzie kwa mtu wa barabarani, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Anzia kwenye divisheni ya jimbo ya uchukuzi, uulize ni vituo gani vina kibali kwa sasa, maana kibali hutolewa na pia huisha. Ukifika kituoni, kibali hicho kinapaswa kuwa ukutani mahali pa kusomeka, chenye jina la kituo hicho hicho ulichosimama mbele yake.

Kisha tazama sakafu. Kituo cha kweli kina shimo au mashine ya kuinua gari, kina rola za freni, kina kifaa cha taa, kina kipimo cha moshi. Ofisi yenye meza, kompyuta na mihuri peke yake inaweza kuandika tu. Omba kuingia na gari lako, au walau kusimama pale unapoweza kuliona. Mkaguzi anayejua kazi hachukii kutazamwa. Wengine hata watakuita shimoni wakuonyeshe.

Malipo ya huduma za serikali yanatakiwa kuwa na noti ya malipo iliyoandikwa kiasi, na pesa ziende benki au kwenye gishe linalotambulika, nawe ubaki na risiti. Pesa iliyotoka mkononi mwako kwenda mfukoni mwa mtu haina jina. Soma cheti kabla ya kuondoka: namba ya plaki, namba ya shasi, tarehe ya kipimo, tarehe ya kurudi. Kosa la tarakimu moja kwenye shasi litakugharimu mchana mzima siku utakaposimamishwa Kasumbalesa.

Jioni kabla ya kwenda, fanya yako mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya freni mara tano sita hadi iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa: inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu, ishara kwamba kisaidizi cha freni kinafanya kazi. Endelea kuikanyaga hivyo dakika moja; ikizama polepole, kuna mahali panavuja, na safari ya kesho ni ya garaji. Giza likiingia, simamisha gari mbele ya ukuta uone fari zinaangukia wapi. Mwambie mtoto asimame nyuma, pembeni, akuitie kila taa inayowaka. Toa mizigo yote. Na tafadhali usioshe injini kuficha mafuta yanayovuja. Mkaguzi mzuri ataligundua, na mbaya hatakusaidia.

Ukikataliwa, tunza ile karatasi ya kukataliwa pamoja na risiti ya fundi. Siku utakapouza gari, mnunuzi mwenye akili ataiamini hiyo kuliko maneno yako.

Kuhusu yule mama wa matembele: hana gari, na bado kontroli inamhusu kuliko wengi wenye magari. Kabla ya kupanda anaweza kutazama pine la mbele, mlango kama unafunga, taa za nyuma kama zipo. Anaweza kumwambia shofa, kwa heshima, "Baba, tuonyeshe kontroli yako." Tarehe ya kurudi iwe bado haijapita, na namba ya plaki iliyoandikwa humo ilingane na ile iliyo nyuma ya basi analotaka kupanda.